Nimebakiza miezi nane nivue kombati, uraiani nifanye kazi gani?

MUULIZE MJOMBA

Habari zenu wasomaji. Mwezi huu barua za ndoa na mirathi nimeziweka pembeni maana kuna kundi moja limenijazia kapu, wajeda. Nadhani ni kwa sababu juzi nilidokeza kwamba na mimi nilivaa buti miaka 22 kabla ya kuja kukaa kwenye kiti hiki, sasa kila anayekaribia kutoka kambini anataka kujua aelekee wapi. Nimechagua barua nne. Ya kwanza nimeijibu kirefu, mtanisamehe, huyu bwana ananikumbusha mimi mwenyewe.

SWALI: Shikamoo Mjomba. Mimi ni Sajenti JWTZ, nina miaka 43, fundi magari ya dizeli karakana ya kikosi, nina miaka 20 kwenye hiyo kazi na niliwahi kwenda misheni DRC upande wa Beni, kule nilikuwa natengeneza malori na majenereta. Nimebakiza miezi nane nitoke. Sasa kila mtu ana lake, shemeji yangu anasema tuchukue mafao tununue Coaster mbili zipige ruti Morogoro na Dodoma, mke wangu anataka kuku wa mayai 2000 anasema wenzake wamejenga kwa kuku, na wenzangu waliotangulia kutoka wengi wako kwenye makampuni ya ulinzi wananiambia nafasi ipo. Elimu yangu form four na vyeti vya kozi za jeshi. Usiku silali Mjomba, nichague ipi kati ya hizi tatu? Sajenti, Morogoro.

MJOMBA: Marahaba mdogo wangu. Kwanza nikupe yangu.

Mimi nilitoka nikiwa Sajinitaji, pesa ikaingia, na haikupita wiki mbili nikawa nimeshanunua kipanya, Hiace ya mkono wa tatu lakini imepakwa rangi inang'aa. Nikajisemea mimi nimeongoza kombania kwenye paredi nitashindwaje kuongoza dereva mmoja na konda. Hesabu tukakubaliana elfu 50 kwa siku. Mwezi wa kwanza ikaja vizuri, wa pili ikaanza leo trafiki, leo pancha, leo abiria walikuwa wachache, kesho yake naambiwa gari jana aliendesha deiwaka, dereva wa kushikia siku moja, na gia boksi inalia. Siku moja saa tatu usiku nikawasimamisha wote wawili pembeni ya stendi nikawafokea kama kuruta, simama wima, nikikuuliza unanijibu. Yule dereva akaniangalia tu, akatoa funguo akaiweka juu ya boneti taratibu, akasema "mzee wangu, huku sio kambini", akaondoka. Nimebaki na konda na gari mbovu saa tatu usiku. Miezi 14 baadaye gari niliiuza kama skrepa.

Sikusimulii ili uogope magari, kuna watu daladala zimewasomeshea watoto. Ila mimi biashara ile sikuwahi kuifanyia kazi hata siku moja kabla ya kuweka pesa, sikujua hata hesabu halali ya ile ruti ni shilingi ngapi, nilichukua namba aliyonitajia dereva mwenyewe!

Sasa rudi kwenye barua yako. Unaniuliza uchague ipi kati ya tatu, mimi nimesoma mara mbili sijaona hata moja ambayo ni yako. Coaster ni ya shemeji, kuku ni wa mama watoto, ulinzi ni wa wenzako. Kazi yako umeitaja mstari wa kwanza ukaipita kama vile sio kitu, fundi dizeli miaka 20 na majenereta juu. Wajeda wengi tuko hivi yaani, tunadhani kazi yetu ilikuwa "uaskari" na ukishavua kombati hakuna kilichobaki, kumbe kuna mtu alikuwa fundi, mwingine mtunza bohari, mwingine mpishi wa mess anayelisha watu 600 kwa wakati na chakula hakijawahi kuchelewa, mwingine mtu wa mawasiliano. Uaskari umeuacha getini ila mkono wako unatoka nao.

Tatizo lako ni karatasi. Cheti cha kozi ya jeshi ukimpelekea mwenye gereji atakigeuza geuza halafu atakuuliza VETA, vyuo vya ufundi stadi, umesoma? Sasa dawa ipo na wengi hawaijui. VETA wana utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, mtaani wanauita urasimishaji, hukai darasani miaka miwili, unaenda kituo chao unaeleza umefanya kazi wapi na nini, wanakupima kwa mdomo na kwa vitendo, palipo na pengo wanakupa mafunzo mafupi, ukifaulu unapewa cheti. Hii ifanye SASA hivi, omba ruhusa kwa wakubwa wako kwa heshima ukiwa bado una mshahara na mahali pa kulala, usisubiri utoke. Mimi hilo sikulifanya, nilijiambia nitafanya nikishatulia, na kutulia kwenyewe kukawa ndo kile kipanya.

Na ukienda kupimwa usiende kifua mbele. Injini ulizozoea wewe nyingi ni za zamani, pampu ya dizeli unaifungua unaiona, unaisikia kwa sikio. Lori la sasa hivi nozeli zinaongozwa na kompyuta, taa inawaka kwenye dashibodi, fundi kabla hajashika spana anachomeka mashine asome gari linalalamika nini. Kijana wa miaka 24 aliyesoma umeme wa magari atakuacha hapo. Kwa hiyo chukua na kozi fupi ya umeme wa magari na hiyo mashine ya kupimia, ukichanganya na sikio lako la miaka 20 hakuna wa kukugusa, maana hao vijana nao mashine ikikaa kimya wanabaki wanakuna kichwa.

Kazi iko wapi? Angalia barabara inayopita hapo hapo kwako Morogoro, malori ya kwenda Tunduma, yanavuka Zambia hadi Kasumbalesa na Lubumbashi, usiku na mchana. Yale yanaharibika kila siku na mwenye mali hataki kusikia lori limelala njiani na kontena la mtu. Yadi za malori zinatafuta fundi ambaye akiambiwa saa kumi alfajiri anakuwa yupo saa kumi kasoro, na hicho sisi tunacho bila kufundishwa tena. Halafu majenereta. Hospitali, hoteli, minara ya simu, migodi, wote wanayo na wote wanatafuta mtu wa kuyahudumia kwa ratiba, sio wa kuitwa yakishakufa. Hiyo ya Beni uliyoiandika kama utani mimi ndo ningeiweka juu kabisa kwenye wasifu wako.

Hapo kwenye wasifu nikae kidogo maana nimeona wasifu wa wajeda wengi na ni vichekesho. Mtu anaandika namba ya jeshi, cheo, majina ya vikosi alivyopita na kozi za kutumia silaha, meneja wa yadi ya malori anasoma anajiuliza huyu anakuja kutengeneza gari au kutuvamia. Andika kwa lugha ya raia. Usiseme ulikuwa mkuu wa seksheni, sema ulisimamia mafundi wangapi. Usiseme ulikuwa "MT", yaani mtu wa magari ya kikosi, sema ulihudumia magari mangapi ya aina gani, ulikuwa unapanga sevisi kila baada ya kilomita ngapi, spea ulikuwa unaziagiza na kuzitunza vipi. Kuhusu misheni sema ulifanya kazi nje ya nchi na watu wa mataifa mengine, majenereta ya ukubwa gani, basi. Mambo ya kikosi yabaki ya kikosi. Na kwenye usaili, tafadhali, usijibu "ndio afande". Nimemuona mtu amekaa mgongo haujagusa kiti nusu saa nzima, yule dada wa rasilimali watu mwenyewe akaanza kukaa wima.

Ukipata, fanya kazi kwa mtu angalau mwaka mmoja kabla hujafungua gereji yako. Najua inauma, mshahara utaanzia chini kuliko uliozoea, na bosi wako anaweza kuwa kijana wa umri wa mdogo wako wa mwisho. Vumilia. Kuna kitu kimoja huko utajifunza ambacho jeshi halijawahi kukufundisha, kutaja bei. Fikiria vizuri, miaka 20 umetengeneza magari mangapi na hujawahi hata siku moja kumwambia mtu "hii itakugharimu laki mbili na nusu". Ukikaa uraiani bila kuzoea hilo utafanya moja kati ya mawili, utataja bei ya aibu kwa sababu unaona haya, au utataja kubwa mteja akihoji unanuna. Kaa gereji ya mtu usikie mwenye gereji anavyoongea na mteja, anavyochukua pesa ya spea kwanza, anavyokataa kukopesha bila kugombana, ujue spea ya kweli na ya bandia Kariakoo zinatofautiana bei gani na duka gani halikuibii. Ada ya shule hiyo, ila hapa wao ndo wanakulipa wewe.

Pesa sasa. Mafao yakiingia usiyaguse miezi sita, na sitanii. Siku ile ikiingia simu zitaita hadi betri iishe, ndugu ambao hujawaona tangu msiba wa bibi watakuwa na wazo la biashara. Weka mahali ambapo hata wewe kuichomoa inakubidi uende ukasaini. UTT, wale wa mifuko ya uwekezaji wa pamoja, wana mfuko wa Ukwasi, pesa inakua taratibu na ukiihitaji unaipata ndani ya siku chache za kazi. Kama kuna kiasi una uhakika hutakihitaji miaka kadhaa basi hati fungani za serikali kupitia Benki Kuu, yaani unaikopesha serikali, zinaanzia shilingi milioni moja na riba inaingia mara mbili kwa mwaka, nenda benki yako waulize wakuelekeze. Shemeji mwambie pesa imefungwa kwenye hati fungani, hutakuwa umemdanganya na undugu utabaki. Mama watoto mheshimu, mpe kuku 200 sio 2000, na yeye ndo awe bosi wa hilo banda sio wewe, akizimudu mwaka mzima pamoja na bei ya chakula cha kuku inavyopanda, ongeza.

Ulinzi sijausema vibaya, ni kazi halali na SUMA JKT, shirika la Jeshi la Kujenga Taifa, peke yake inaweka walinzi sehemu nyingi tu nchi hii. Lakini fundi mwenye mkono wako kukaa getini usiku kuandika namba za magari ya watu wengine, hapana. Kama unawaza kurudi serikalini kwa mlango mwingine basi fanya haraka, matangazo mengi ya Sekretarieti ya Ajira yanataka umri usiozidi miaka 45, na wewe una 43.

SWALI: Mambo vipi Mjomba. Mimi nina miaka 22, nimemaliza JKT kwa kujitolea miaka miwili. Nilijua nitachukuliwa jeshini lakini usaili jina halikutoka, nimerudi nyumbani Kasulu. Niliondoka mtaa mzima unajua naenda kuwa mjeda, mama alichinja kuku. Sasa natembea usiku usiku tu nisionane na watu. Nasubiri usaili mwingine au niende Dar nikatafute maisha? Sevismeni, Kasulu.

MJOMBA: Poa mdogo wangu. Kwanza toka nje mchana. Lile tangazo ulilojibu wakati unaomba nafasi lilisema wazi kabisa kwamba JKT halikuahidi ajira, wanatoa mafunzo ukajitegemee, lakini nakuelewa, kijana wa miaka 20 hasomi mistari ya chini na mama aliyechinja kuku ndo kabisa. Hukufeli, ulimaliza mkataba wako. Tangu JKT lianze mwaka 1963 wamepita vijana wengi mno na wengi wao hawakuwa wanajeshi, ni walimu, wakulima, madereva, wabunge pia wamo.

Usaili mwingine ukitokea na vigezo unavyo, omba. Na usiangalie JWTZ tu, kuna polisi, magereza, uhamiaji, zimamoto, baadhi ya matangazo yao yanataka kijana aliyepita JKT. Tunza cheti chako kile cha kumaliza kama mboni ya jicho, toa kopi, weka na picha kwenye simu. Lakini kusubiri sio kazi. Unasubiri huku unafanya nini?

Nikuulize, kule kambini baada ya doso na fatiki walikushikisha nini? Hukuniandikia na ndo kitu nilichotaka kujua. Bustani, ufugaji, uselemala, kufyatua tofali? Uko Kasulu bwana, ardhi yenye mvua, maharage yako yanatafutwa hadi Burundi, watu wa Dar wanaota shamba ambalo baba yako analo nyuma ya nyumba. Sikwambii ulime kwa sababu "vijana walime", hizo ni hotuba, nakwambia kwa sababu miaka miwili umeamshwa saa kumi alfajiri ukalima ekari ambazo hazikuwa zako na hukufa. Tafuta wenzako mliorudi wote wilaya hiyo, hamtakosa, mjisajili kama kikundi pale halmashauri. Kuna ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, nne ni za vijana, haina riba, nenda kwa afisa maendeleo ya jamii muulize utaratibu ukoje sasa hivi. Usiende na njaa ya pesa, nenda na kitu mlichokwisha kuanza hata kama ni robo eka ya nyanya, wanakuchukulia tofauti.

Dar nenda kama kuna mtu anakusubiri na kazi inayojulikana. Bila hapo utaishia kulala chumba kimoja watu sita na kuendesha bodaboda ya mtu kwa hesabu, halafu nauli ya kurudi ndo itakuwa shida.

SWALI: Mjomba habari. Mimi ni Koplo wa kike, muuguzi, natoka mwakani. Nataka kufungua duka la dawa. Wengine wananiambia nifungue tu kimya kimya kijijini hakuna anayekagua. Ni kweli?

MJOMBA: Usithubutu. Baraza la Famasi wanakagua hadi huko huko, na wewe una leseni ya uuguzi ya kupoteza. Duka la dawa muhimu lina kibali chake, jengo lina vipimo vyake, na mtoa dawa lazima awe amepita mafunzo yanayotambulika, uuguzi wako unakuweka karibu lakini haukurushi huo mstari. Anza na leseni yako pale Baraza la Uuguzi na Ukunga, hakikisha iko hai, maana wengi mkiwa hospitali za jeshi mnajisahau. Halafu kabla ya duka fikiria na hili, zahanati na vituo vya afya binafsi vinalilia muuguzi anayeweza kushika zamu ya usiku bila kulialia. Mwaka mmoja huko utajua dawa gani inatoka na gani inakaa hadi inaisha muda. Ndo uje ufungue duka.

SWALI: Shikamoo Mjomba, mimi sio askari, mume wangu ndo kastaafu miezi mitano iliyopita. Tunaishi Dodoma. Mjomba nachoka. Saa kumi na moja alfajiri anafagia uwanja, nikiamka anafagia tena ule ule. Vitanda vya watoto anakagua, shuka likiwa na mkunjo mtoto analitandika upya, watoto wanachelewa shule. Juzi kaniuliza "taarifa ya jikoni ikoje". Kazi hataki, anasema atapewa kazi gani mtu wa kariba yake. Nifanyeje?

MJOMBA: Marahaba dada yangu, umenichekesha halafu nikaacha kucheka, hiyo taarifa ya jikoni hata mimi niliwahi kuiomba. Mke wangu alinipa, akasema "unga kilo mbili, mkaa hakuna, mume mmoja hana kazi".

Mumeo sio mkorofi. Miaka yote kuna mtu alikuwa anasubiri taarifa yake asubuhi na kuna watu walikuwa wanasubiri amri yake, leo hakuna anayemsubiri, kwa hiyo anawatafuta nyumbani. Ukimgombeza kwa sababu ya shuka mtagombana miaka. Mtafutie watu wengine wa kukagua. Shule za bweni za hapo Dodoma na jirani zinatafuta patroni, mtu wa kusimamia mabweni ya wavulana, kuwaamsha, kuangalia usafi, kuhesabu vichwa usiku. Nimewaona wastaafu wa jeshi kwenye hiyo kazi, wanafunzi wanawaogopa wiki mbili halafu wanawapenda. Mshahara sio mkubwa ila ana pensheni yake, anachokosa yeye sio pesa. Kule mtaani kwenu pia kuna ulinzi shirikishi, mwenyekiti wa serikali ya mtaa atafurahi kumpata mtu anayejua kupanga zamu.

Usimwambie wewe, akisikia kwako itakuwa ni mke kamtafutia kibarua. Mwombe mwalimu mkuu au mwenyekiti aje nyumbani amwombe yeye kama msaada, "mzee tuna shida na vijana wetu, wewe ndo unaweza". Hapo utamuona anavyonyanyuka. Atakuuliza shati lake jeupe liko wapi, liwe limeshanyooshwa.

Na uwanja mwachie afagie, hiyo haitaisha. Mimi mwaka wa tisa huu bado nafagia.